Mapipa 36 ya Mjukuu Wenu

York, Novemba

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imeanza kukaza, na tumefurahi mno kusikia kwamba goti la Mama limepata nafuu. Ndani ya bahasha hii mtakuta picha aliyoichora mjukuu wenu shuleni, nami sikutaka iwafikie bila maelezo.

Kila tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto mikubwa na kurusha fataki kukumbuka njama ya mwaka 1605, ambapo Wakatoliki 13 wakiongozwa na Robert Catesby, baada ya kuchoshwa na sheria zilizowabana katika ibada zao, walikusudia kulipua Bunge siku ambayo Mfalme James wa Kwanza angelifungua. Waliweka mapipa 36 ya baruti katika ghala chini ya Baraza la Malodi, yaani ukumbi wa makabaila bungeni, wakayafunika kwa kuni na makaa ya mawe, na ulinzi wakamwachia Guy Fawkes, askari mzaliwa wa mji huu tunaoishi. Barua isiyo na jina la mwandishi, iliyomwonya Lord Monteagle, mmoja wa makabaila hao, asihudhurie kikao, ndiyo iliyofichua mambo. Ghala likapekuliwa, na Fawkes akakamatwa usiku.

Watoto wengi darasani walichora fataki, wakipuliza rangi ya maji kwa mrija juu ya karatasi nyeusi hadi ikatawanyika kila upande, na kwa kweli zilipendeza. Mjukuu wenu alichagua ghala lenyewe. Yahesabuni mapipa, maana yametimia yote 36, na vijiti vilivyogandishwa juu yake ni vya kweli, alivyoviokota njiani akitoka shule. Taa iliyo mkononi mwa Fawkes ameitengeneza kwa karatasi ya pipi ya manjano, na ukiielekeza dirishani inang'aa.

Chini kabisa, pembeni, mtaona neno "Guido" limeandikwa kwa mistari hafifu inayotetemeka. Msidhani mtoto hajui kuandika. Fawkes alijiita hivyo tangu alipokuwa akipigana upande wa Wahispania, na baada ya kuteswa katika Mnara wa London alitia sahihi ungamo lake kwa mkono ambao haukuweza tena kushika kalamu sawasawa. Hati hiyo ingali imehifadhiwa hadi leo. Mwalimu aliwaonyesha picha yake pamoja na sahihi nyingine iliyo imara zaidi, na mtoto alikaa jioni nzima akiiga ile dhaifu, akiifuta na kuianza upya. Wapo wazazi walioona kwamba umri wa miaka minane ni mdogo mno kwa habari hizo. Mimi naunga mkono alivyofanya mwalimu: hakusimulia mateso yenyewe, aliwaachia watoto watazame herufi, na herufi zilitosha.

Jambo lililonigusa zaidi ni swali la rafiki yake, mtoto wa Kikatoliki ambaye wazazi wake wametoka Kongo, aliyetaka kujua kama kanisa lao ndilo lililotaka kumuua mfalme. Mwalimu alijibu waziwazi kwamba waliopanga walikuwa watu wachache, na kwamba Wakatoliki wasiohusika ndio waliozidishiwa vikwazo kwa miaka mingi baadaye. Yule mtoto alichora kanisa lenye milango iliyofungwa na watu wamesimama nje. Picha hizo mbili zilibandikwa pamoja ukutani, nami kwa maoni yangu hazikupaswa kutenganishwa, lakini kila mmoja alitaka kuipeleka yake kwa babu na bibi.

Baba, kwa kuwa ulifundisha historia miaka mingi, mwandikie mjukuu wako barua yake mwenyewe, kwani ameniuliza nani hasa aliandika ile barua kwa Monteagle, na jibu langu halikumridhisha. Fedha za dawa za Mama nitazituma mwisho wa mwezi.

Mwanenu awapendaye.