Majina ya mwisho wa tamthilia yapewe muda wa kusomeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linalowahusu watayarishaji wa filamu na tamthilia zetu, hasa wale wanaokesha mbele ya kompyuta wakihariri picha kabla kazi haijapelekwa kituoni. Majina yanayopanda kwenye kioo baada ya onyesho la mwisho, kuanzia waigizaji hadi fundi taa, mshika kinasa sauti na mpambaji, siku hizi yanapita kama basi la mikoani lililochelewa. Mtazamaji huambulia jina la mtayarishaji mkuu, kwa sababu limeandikwa peke yake kwa herufi kubwa, na yaliyobaki humpita asijue yalikuwa ya nani.

Wapo wanaovilaumu vituo vya televisheni kwamba ndivyo vinavyoyakimbiza majina ili vipate nafasi ya matangazo. Hilo hutokea, lakini mara nyingi kasi huwa imeshaamuliwa kwenye meza ya kuhariri, pengine bila mhariri wa video mwenyewe kuikusudia. Katika programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve na iMovie, kasi ya maandishi yanayopanda hutokana na urefu wa klipu ya majina, yaani muda wa kile kipande cha video chenye majina hayo: programu huchukua safari nzima ya maandishi, tangu yanapochomoza chini ya kioo hadi yanapopotelea juu, ikaigawa kwa muda iliopewa. Ukiivuta ncha ya klipu ili iwe ndefu, majina hupanda taratibu; ukiifupisha, hukimbia. Asiyegusa ncha hiyo huachiwa sekunde chache ambazo programu imejiwekea yenyewe, na sekunde hizo hazijui kama orodha ina majina sita au sitini.

Kosa linalojificha zaidi ni lile la kuongeza majina baada ya klipu kupangwa. Siku ya mwisho mtayarishaji hukumbuka kwamba mwenye nyumba na dereva hawakutajwa, mhariri akayaingiza majina yao, na kwa kuwa muda haukubadilika, orodha nzima huongezeka kasi bila onyo lolote. Kwa tamthilia inayotumia klipu ileile kila wiki, mwendo huo huzidi kadiri orodha inavyorefuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue picha yenye kimo cha pikseli 1080 (zile nukta ndogo zinazounda picha) na orodha ya mistari 60, kila mstari ukichukua pikseli 72 pamoja na nafasi yake. Orodha hiyo ina kimo cha pikseli 4320, na ukijumlisha kimo cha kioo, safari yote ni pikseli 5400. Ikipewa sekunde 10, kila sekunde huingia mistari zaidi ya saba, na kila mmoja hukaa kwenye kioo sekunde mbili tu huku jicho likigombaniwa na mingine 14. Ikipewa sekunde 54, kila jina hukaa karibu sekunde 11, na hata bibi anayemtafuta mjukuu wake katika orodha hiyo atampata.

Nimetaja 54 badala ya 50 kwa makusudi. Televisheni za kwetu hutumia fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, hivyo sekunde 54 ni fremu 1350, na pikseli 5400 zikigawanywa kwa fremu hizo, maandishi husogea pikseli nne kamili katika kila fremu. Kwa sekunde 50 yangesogea pikseli 4.32, na pale programu inapolazimisha kila mstari ukae kwenye pikseli kamili, hatua moja huwa fupi na nyingine ndefu, majina yakawa yanatetemeka. Watu wengi huilaumu kompyuta kwa mtetemeko huo, ilhali dawa yake ni kuongeza au kupunguza sekunde chache tu. Kuitoa klipu kama video kisha kuipunguza mwendo hakusaidii, kwani fremu hurudiwa na mtetemeko ukazidi. Wala kupunguza ukubwa wa herufi ili orodha iwe fupi si suluhisho kwa watazamaji wanaotumia simu.

Kwa kazi zinazowekwa YouTube kuna tahadhari nyingine. Vile visanduku vya kumwelekeza mtazamaji kwenye video nyingine hukaa mwishoni kwa muda wa sekunde 5 hadi 20, na vikipangwa juu ya majina huyafunika hata kama yanakwenda kwa mwendo mzuri. Ni heri majina yaishe kwanza, kisha iachwe picha tupu kwa ajili ya visanduku hivyo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa katika kazi yake. Fundi taa na mpambaji huenda wasihesabiwe kuwa watunzi, na kwa wengi wao orodha hiyo ndiyo ushahidi pekee wa kazi wanaoweza kumwonyesha mwajiri anayefuata. Kumlazimu fundi asimamishe picha ili jina lake lionekane ni kumvunjia heshima, tena bila sababu yoyote ya kibajeti.

Ninawaomba waongozaji waitazame klipu ya majina pamoja na mhariri wao, wakiyasoma kwa sauti, kabla ya kuidhinisha kazi. Vituo navyo vingeweza kuweka katika masharti ya kupokea vipindi kwamba kila jina likae kwenye kioo kwa sekunde zisizopungua saba. Sehemu zilizokwisha kurushwa tuziache. Zile zinazohaririwa wiki hii bado zinarekebishika, na kipande cha majina kinaweza kutolewa upya peke yake bila kuigusa tamthilia yenyewe.

Mhariri wa video,
Mwanza