Stenti ya tezi dume si ya kutiwa na kusahauliwa

Mhariri,

Siku hizi kwenye baraza za Mji wa Kale akitajwa mzee aliyezibika mkojo, hakosekani wa kusema, "Si atiwe stenti tu, kama ile ya moyo." Stenti ya tezi dume ipo, ila na ile ya moyo zimefanana jina tu. Hii hulala ndani ya mkojo, na mkojo una chumvi.

Ni springi ya nikeli na titani, au mrija laini wa silikoni, inayoshikilia njia ya mkojo pale tezi ilipobana. Humfaa hasa mzee ambaye moyo au mapafu yake hayahimili dawa ya usingizi, hivyo hawezi kukwanguliwa tezi, naye amechoka kuficha mfuko wa mkojo ndani ya kikoi. Lakini yataka kibofu kiwe bado kina nguvu ya kusukuma. Kibofu kilicholegezwa na kisukari cha miaka mingi hakimwagi mkojo hata mlango ukiachwa wazi. Kipimo cha nguvu hizo kitangulie.

Kazi nyingi huharibikia kwenye urefu. Daktari hupitisha kamera, akapima tangu shingo ya kibofu hadi karibu na msuli unaozuia mkojo. Stenti ikiwa fupi, nyama ya tezi huiziba mwishoni. Ikichomoza kibofuni, ncha hushika ukoko mweupe, kama birika la maji ya kisima chetu cha chumvi. Ikigusa msuli, mzee huvuja kutwa, na mwenye swala tano aijua adha hiyo.

Aina moja ya nikeli na titani hutanuliwa kwa maji ya nyuzi 55. Siku ya kuitoa hupigwa maji baridi, chini ya nyuzi 10, ikalainika na kuvutika kama uzi.

Wiki za kwanza mkojo huchoma kidogo na haja huja mbio mbio. Homa yenye kutetemeka, mabonge ya damu au mkojo kukatika kabisa ni vya hospitali siku hiyo hiyo. Hapo neno la kwanza liwe "nina stenti", kwa sababu mpira wa kawaida wa kutolea mkojo ukisukumwa kibubusa waweza kuiingiza kibofuni. Badala yake kuna njia ya kutoboa tundu dogo juu ya kinena, mkojo ukatokea hapo.

Maji lita 2 kwa siku, zaidi wakati huu wa joto la kaskazi, isipokuwa kwa aliyewekewa kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Na muguka, majani yale ya kutafuna kama miraa, twajua hamtaki kusikia, hubana shingo ya kibofu.

Twaziomba hospitali ziandike kwenye kadi aina, urefu, tarehe ya kuweka na tarehe ya kutoa, siku ile ile stenti inapoingia. Kadi hiyo ikae pamoja na kitambulisho cha mzee, si kabatini.

Wahudumu wa maradhi ya njia ya mkojo,
Mombasa