Zuhura, mafuta ya utando hayafanani

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Hatujambo wote, ila mvua haitupi nafasi. Swali la mwanafunzi wako limenifurahisha mno: kama utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta tu, umbo lake linatoka wapi?

Nitakujibu kwa chembe nyekundu za damu, maana ndizo ninazoshinda nazo kwenye hadubini. Na ndizo walizotumia wanasayansi Gorter na Grendel kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1925, walipotoa hoja ya hizo tabaka mbili.

Mchoro wa vitabuni ndio unaowapoteza watoto. Fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zinazounda utando, zote zimechorwa sare, kichwa na mikia miwili. Kumbe iko yenye kichwa kipana na mkia mmoja, lisofosfatidilikolini, na iko yenye kichwa kidogo na mikia iliyotanuka, fosfatidiliethanolamini. Zikijazana za aina moja upande mmoja, utando hauwezi kubaki bapa, lazima upinde.

Halafu tabaka la nje na la ndani hayana mchanganyiko mmoja. Mwaka 1974 Sheetz na Singer walieleza kwamba kitu kikijipenyeza kwenye tabaka la nje, eneo lake huzidi la ndani, na chembe huota miiba. Kikikaa la ndani, kama ifanyavyo dawa ya klorpromazini, chembe hubonyea kama bakuli. Ziada ndogo tu inatosha. Ukiidondoshea damu ile lisofosfatidilikolini utaona ukingo wa chembe ukianza kukunjamana, kisha vinundu, kisha miiba mifupi iliyopangika pande zote. Ukiwahi kuiosha kwa albumini, protini ya damu ambayo huyanyonya mafuta hayo, chembe hurudia umbo lake. Hilo sichoki kulitazama.

Usidhani ni urembo. Chembe ina upana wa mikromita 8 hivi, na inapita kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kuliko yenyewe. Kwenye wengu, unaochuja damu, matundu ni membamba zaidi, na isiyoweza kujikunja haivuki. Mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana, kolesteroli huweza kurundikana kwenye utando wa chembe zake. Hukakamaa, zikaota miiba mirefu isiyo na mpangilio, na wengu huziondoa mapema. Kuna pia fosfatidiliserini, fosfolipidi nyingine, ambayo kwa kawaida hufichwa tabaka la ndani. Ikitokeza nje tu, makrofaji, seli za kinga zinazomeza seli chakavu, huimeza chembe hiyo.

Ila usiwaambie kwamba mafuta yanafanya yote. Chini ya utando kuna wavu wa protini, spektrini, unaoushikilia. Na jirani zetu wa Kilifi wana mfano mzuri: wapo wenye kundi la damu la Dantu, linalotokana na mabadiliko kwenye protini za utando ziitwazo glikoforini. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kuwa utando wa chembe zao umekazwa zaidi, na ukikazwa kupita kiwango fulani kimelea cha malaria hushindwa kuingia. Mimi ningeanza na huo darasani, halafu ndiyo niwarudishe kwenye mafuta.

Picha za hadubini nitakutumia kwa simu, mtandao ukikaa sawa. Msalimie mama, na huyo mwanafunzi mwambie aulize tena.

Wako,
Mwanaidi