Barua ya wazi kwa vijana wa Pemba mnaotuandikia matangazo

Wanangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikieni nyinyi mnaoandika matangazo ya shehia, vipeperushi vya wavuvi na wakulima wa mwani, na zile makala fupi za afya zinazobandikwa madikoni na kwenye kuta za skuli. Nimesomesha Kiswahili hapa Wete miaka mingi, nimestaafu, na kila karatasi ninayoikuta ukutani lazima nisimame niisome. Naona juhudi zenu na ninazipenda. Lakini karatasi nyingi nazimaliza nikijiuliza: aliyeandika haya alikuwa anamuona nani mbele yake?

Nianze na kosa langu. Zamani nikiwa katibu wa kamati yetu, niliandika tangazo la chanjo ya watoto. Juu niliweka neno TANGAZO, nikalipigia mstari. Chini yake nikaanza: "Kufuatia utekelezaji wa mpango wa utoaji wa huduma za kinga katika maeneo yetu, wananchi wote mnataarifiwa kuwa..." Chanjo ilikuwa Jumanne, na neno Jumanne lilikaa mstari wa saba. Jumatano asubuhi akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, udongo mwekundu umempanda hadi vifundoni. Jirani ndiye aliyemwambia kuwa kuna chanjo. Nikamjibu imeshapita jana. Akasema, "Karatasi niliiona, mwalimu, na niliisoma. Nikadhani ni ya wenye mashamba. Labda mimi kusoma sijui."

Mama yule nilimsomesha mwenyewe, na alikuwa akisoma vizuri. Maneno yake hayajanitoka hadi leo. Maandishi yangu mabaya yalimfanya ajione yeye ndiye mjinga.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma mambo ya saikolojia, elimu inayochunguza jinsi akili ya mtu inavyopokea mambo na kuyashika, nikaelewa karatasi yangu ilikosea wapi. Mwaka 1972 kule Marekani, John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani: unavipanga vitu kwa mafungu, usijaze vingi kwa mara moja, ukimaliza unavirudisha mahali pake. Waliosikiliza bila kuambiwa ni kazi gani walitoka na kidogo sana. Walioambiwa mwanzoni kwamba ni habari ya kufua nguo walikumbuka takriban mara mbili. Wengine waliambiwa baada ya kusikiliza, na hao haikuwafaa kitu. Akili inataka kujua kwanza jambo ni la nini, ndipo ipate pa kuyaweka maneno. Ukichelewa, maneno yameshamwagika.

Sasa tazameni kuta zetu. TANGAZO. TAARIFA KWA WANANCHI. Hayo yanamwambia mtu nini? Laiti ningeandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Chanjo ya watoto chini ya miaka mitano: Jumanne saa 2 asubuhi, skuli", yule mama asingehitaji mstari wa pili. Jina la mpango na shukrani kwa wafadhili vingekaa chini, anayevitaka angevikuta.

Najua kwa nini hatufanyi hivyo. Sisi tunaoandika tumeshakaa vikaoni na jambo tunalijua, kwa hiyo kila sentensi yetu tunaiona iko wazi. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akisoma Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliwapa watu kazi ya kugonga nyimbo maarufu mezani kwa vidole, wenzao wabahatishe ni nyimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Anayegonga, wimbo mzima unaimba kichwani mwake, mwenzake anasikia ko-ko-ko tu. Nilimjaribu mjukuu wangu hapa barazani: nikamgongea kasida ya maulidi ambayo anaijua tangu mdogo. Akasikiliza kwa makini kabisa, kisha akasema, "Babu, ni mtu anabisha hodi."

Kila mnapoandika, mkumbukeni huyo mtoto. Kasida mnaisikia nyinyi.

Jambo jingine ni urefu wa sentensi, na hapa Kiswahili kina shida yake ya peke yake. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu huweza kushika kichwani kwa mara moja vitu kama saba. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kuwa ni vichache zaidi, kama vinne. Chukueni sentensi hii: "Majamvi ya kuanikia karafuu ambayo wakulima waliojiandikisha kwa masheha wao kabla ya msimu kuanza waliahidiwa katika mkutano uliopita yatatolewa Jumamosi." Msomaji akifika kwenye "yatatolewa" inambidi arudi nyuma aitafute hiyo ya- ni ya nini, na njiani ameshapishana na wakulima, masheha, msimu na mkutano. Ngeli zetu ni uzi mzuri wa kuunganisha maneno, lakini ukiuvuta mno unakatika. "Majamvi ya karafuu yatatolewa Jumamosi. Ni kwa wakulima waliojiandikisha kwa sheha kabla ya msimu." Basi.

Na hili neno "zoezi", wanangu, linanisumbua. Zoezi la utoaji wa chanjo. Zoezi la usambazaji wa miche. Semeni "watoto watachanjwa", "miche itagawiwa". Tunadhani maneno mazito yanatupa heshima. Daniel Oppenheimer alilipima jambo hili katika utafiti alioutoa mwaka 2006, akakuta kinyume chake: maandishi yaliyojazwa maneno magumu pasipo haja yaliwafanya wasomaji wamuone mwandishi ana akili ndogo zaidi.

Sisemi muondoe kila kilicho kigumu. Mvuvi wa Tumbe anazitaka takwimu za upepo na mawimbi, na azipate. Ila kabla ya hizo anataka kujua kama leo atoke au asitoke, na kama tahadhari inamhusu mwenye ngalawa au hata mwenye boti kubwa.

Nije kwenye jambo ambalo naomba mlishike kwa uangalifu. Moyo wa mtu hushikwa na mtu mmoja kuliko hesabu ya maelfu. Katika utafiti uliotoka mwaka 2007, Deborah Small na wenzake waliona kuwa watu huchangia zaidi wakisimuliwa habari za mtoto mmoja wa kike wa Mali kuliko wakipewa takwimu za njaa. Hata takwimu zilipoambatanishwa na habari za mtoto yule, michango ilipungua. Kwa hiyo mkiandika juu ya mwani unaokufa kwa joto la bahari, mleteni mama mmoja, kamba zake na vigingi vyake, msomaji amuone anavyong'oa mwani uliolegea mkononi. Lakini awe mama wa kweli, na awe ameridhia. Elimu hii inafungua mlango wa moyo wa mtu, na anayeingia humo na uongo anavunja amana. Kadhalika vile vichwa vya habari vya kumning'iniza msomaji, "kilichotokea hutaamini", msivilete kwenye mambo ya afya za watu. Mtu akidanganywa mara moja, siku ya tahadhari ya kweli hatasimama kusoma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimpe mwenzenu wa ofisini akukagulieni karatasi, maana naye kasida anaisikia. Mpeni asiyejua lolote. Jicho linaposoma huruka na kutua, kila kituo kama robo ya sekunde, na likikwama hurudi nyuma, na mara nyingi ukikaa karibu utaliona.

Mimi nipo barazani kwangu kila siku baada ya sala ya Alasiri. Leteni karatasi zenu kabla hamjazibandika. Nitamwita yeyote apitaye njia, asome, nanyi mkae kimya mumtazame macho. Pale yatakaporudi nyuma tutatia alama ya penseli, kisha tukae tuiandike upya sentensi hiyo.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Wete, Pemba