Wao na baridi yao, sisi na jua letu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Watu wakisikia nimetoka Toronto, kule Kanada, kwa mwanangu, tena Desemba, swali ni moja tu, eti mama ile baridi umeponaje. Nimepona. Baridi ipo, ya kukata masikio, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, yaani Alasiri umeisali sasa hivi mara Magharibi hii hapa. Ila wale watu wamejipanga nayo bana.

Katikati ya mji kuna njia za chini kwa chini wanaziita PATH, zaidi ya kilomita 30, zimeunganisha stesheni ya Union na maofisi na mabenki na maduka, mtu anashuka kwenye treni anaenda kazini anakula mchana anarudi zake koti kalishika mkononi. Huko juu njiani wanamwaga chumvi, chumvi kabisa, manake maji yakiwa na chumvi hayagandi upesi, ukifika nyumbani viatu vina michirizi myeupe mpaka kwenye kamba. Na mwenye nyumba aliyepangisha, kama hita iko mikononi mwake, sheria ya jiji inambana joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 21 msimu wa baridi, sa hebu nenda kamwambie hivyo mwenye nyumba wako hapa Tanga, Ngamiani.

Na hao watu wenyewe, kwa sensa yao ya 2021, karibu nusu wamezaliwa nje ya nchi ile. Kwenye tramu ya Spadina pembeni yangu kinamama wa Kichina na vitoroli vyao vya mboga, mbele kijana Msomali, nyuma Wahindi, wote tumejikunyata macho tu ndo yanaonekana. Kensington Market hata muhogo nikaupata, wa kwenye friza, na tui la kopo ukalika vizuri tu. Wengi wametoka kwenye joto kama letu na hakuna aliyewaambia vumilieni ndo hali ya hewa ya huku.

Sasa njoo kwetu na kaskazi hii. Saa tisa alasiri kituo cha daladala kinamama na watoto mgongoni wamepanga foleni ndani ya kivuli cha nguzo ya umeme, chembamba hicho, kikisogea nao wanasogea. Barabara ikitanuliwa miti inakatwa, kurudishia hakuna. Ukiuliza unajibiwa joto la Tanga ni la Mungu, haya, na baridi ya kule ni ya nani?

Mi sidai njia za chini wala hita. Nataka bati juu ya nguzo nne, na pembeni mkungu, mti ambao miaka michache tu unafunika abiria na muuza madafu juu. Kama hela hakuna, wakubwa watuambie tuchange mtaa kwa mtaa. Miche ya mikungu kwangu ipo tele imejiotea yenyewe uani, waje wachukue.

Mama wa Chumbageni,
Tanga