Ratiba moja ya mazoezi haiwezi kutufaa wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ratiba za mazoezi zinazotolewa kwa ajili ya "familia nzima": kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki, mtoto, mtu mzima na mzee sawasawa. Niliwahi kubandika ratiba ya namna hiyo ukutani, tukaifuata mwaka mzima. Mimi nina miaka 46, mwanangu 9, na mama yangu 74.

Mama hakukosa hata siku moja. Hata hivyo, usiku mmoja alipoinuka kitandani kwenda msalani alipepesuka, akaanguka na kuvunjika mkono. "Mwanangu, si natembea kila siku?" aliniuliza. Nilikosa la kumjibu.

Jibu nililipata kwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliyemhudumia. Alitueleza kwamba kutembea kunaufaa sana moyo, lakini peke yake hakumwandai mzee kujizuia anapoyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba mwenye miaka 65 na zaidi, katika mazoezi yake ya wiki, atenge angalau siku tatu za kujenga nguvu na kujisawazisha. Ratiba yangu ya ukutani haikuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

Mkono ulipopona, tulianza na kiti. Mama anakaa, anainuka bila kushika popote, kisha anakaa tena polepole bila kujibwaga. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu, na ya tatu alishika meza. Baadaye tukaongeza kusimama kwa mguu mmoja, kiganja kikiwa karibu na ukuta, na kupiga hatua kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mimi husimama ubavuni pake muda wote, na nawasihi wanaowalea wazazi wasiwaache wafanye haya peke yao mwanzoni. Leo, baada ya miezi mitano, anainuka mara kumi na mbili.

Mwanangu naye tulimkosea kwa kumtembeza kwa mwendo wa bibi yake. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kucheza na kukimbia hadi aheme, na walau siku tatu kwa wiki michezo inayoimarisha misuli na mifupa, kama kuruka kamba na kukwea. Mifupa ya uzeeni hujengwa katika umri huu. Si lazima saa hiyo iwe ya mkupuo mmoja, wala hahitaji ratiba ukutani. Anahitaji wenzake na mahali salama pa kukimbia.

Kwa umri wangu, dakika 150 hadi 300 kwa wiki ndicho kiwango, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe zinatakiwa pia siku mbili za kuitumikisha misuli yote mikubwa, na hizo sikuwahi kuzifanya. Sasa nachuchumaa na kuinuka, nausukuma ukuta kwa mikono, na napanda ngazi badala ya lifti. Mwongozo wa sasa unahesabu hata dakika chache, tofauti na ule wa 2010 uliotaka zisipungue kumi mfululizo.

Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayepata kizunguzungu, amwone daktari kwanza. Wengine waanze kidogo kidogo.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena ratiba ya mazoezi muigawe kwa umri, na sehemu ya wazee muiandike kwa herufi kubwa. Mama ndiye anayelisoma gazeti hili kabla yangu, na angependa kuikata aibandike mwenyewe kando ya kiti chake.

Msomaji wako wa siku zote