Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Tanga

Wazee wetu, kina mama, vijana na ndugu wanachama wote: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Mahesabu atayasoma Mweka Hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinaingia kwa kusuasua, na chai ya siku ya dua ya kuwakumbuka wahanga wa bomu la 1998 bado tunaichangishana papo kwa papo mlangoni. Majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu yatasomwa na Katibu, na tutasimama.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti. Kwa wanachama wapya, chama hiki kilianzishwa na watu wa Tanga walioguswa, wao au jamaa zao, na bomu la ubalozi wa Marekani pale Barabara ya Laibon, Dar es Salaam, mwaka 1998. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu imeshapita. Dar walikufa watu 11 na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani nao ulilipuliwa karibu dakika zilezile, walikufa 213 na majeruhi wakahesabiwa kwa maelfu.

Baada ya dua tulikaribishwa katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nilikwenda na wasiwasi, maana watoto wale wote wamezaliwa miaka mingi baadaye. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Kama waliotega bomu walikuwa wanawatafuta Wamarekani, mbona Dar hakufa Mmarekani hata mmoja?" Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima. Nikamweleza kwamba gari la bomu halikufika ndani. Langoni palikuwa na boza la maji, likaziba njia, na mlipuko ukatokea pale pale nje. Sasa nani hukaa langoni mwa ofisi kubwa saa nne asubuhi? Walinzi, na waliokuja na boza. Ndio waliobeba msiba.

Hapo mama yetu mmoja, ambaye mnamfahamu na hapendi kutajwa, akakunja mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko. Akamwita binti wa mstari wa mbele: "Njoo, bonyeza hapa." Chini ya ngozi mna kipande cha kioo, kidogo kama punje ya mchele. Daktari alimwambia akiache kama hakimsumbui, na siku za baridi humsumbua. Yule binti alibonyeza, akaondoa kidole haraka, kisha akaomba kugusa tena. Darasa zima likapanga foleni. Mimi hotuba yangu niliikunja nikaiweka mfukoni.

Kuhusu fidia, bado naulizwa kila mwezi. Mwaka 2020 Sudan, iliyolaumiwa kuwasaidia al-Qaeda waliotega mabomu yale, ilikubaliana na Marekani kulipa dola milioni 335, na fedha zile zilifungamana na kesi zilizofunguliwa katika mahakama za Marekani. Chama hakikuwa mlalamikaji na hakina fungu lolote. Mtu akikujia nyumbani akitaka "ada ya fomu" ili akufuatilie malipo, mfungie mlango. Tayari yupo mwenzetu aliyeliwa namna hiyo.

Sasa hoja ya tarehe. Baadhi ya wanachama wameleta barua wakitaka kumbukumbu ihamie tarehe 8, kwa kuwa Nane Nane ni sikukuu na watu wana nafasi. Wengine wanataka tarehe 21 Agosti, siku ya Umoja wa Mataifa ya kuwakumbuka wahanga wa ugaidi. Naelewa shida ya mahudhurio. Mwaka huu viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Lakini napinga. Watu wale waliuawa kazini, siku ya kazi, saa za kazi. Tukiwakumbuka siku ya maonyesho ya trekta na mbuzi wa maziwa tutapata watu wengi, na nusu yao watakuwa wanaangalia saa wawahi uwanjani. Afadhali tubaki tarehe 7 na dua ihamie jioni, baada ya saa za kazi. Hata wa bandarini na wa sokoni watafika.

Jambo la mwisho ni safari. Nairobi penyewe palipolipuka, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, pamekuwa bustani ya kumbukumbu. Mpita njia anaingia. Sisi wa Tanga, kumbukumbu ya kwetu iko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na wanachama wengi hawajaiona. Kamati inapendekeza tukodi basi, tuondoke alfajiri na kurudi usiku, na tuwachukue wanafunzi wachache wa shule ile. Nauli ya wanafunzi chama kilipe. Iko Mtaa wa Shaaban Robert, kwa hiyo kwa jina angalau tutakuwa kwa mtu wa kwetu.

Hoja zote mbili zitapigiwa kura baada ya chai. Wapiga kura ni waliolipa ada. Aliyechelewa, Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.